Mstari wa Kumi na Mbili

Harufu ya mafuta ya cherehani ikichanganyika na ya kitambaa kilichopitiwa na pasi ya makaa, mpaka leo viganja vyangu hulowa jasho. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumamosi zangu, mwaka ule wa mwisho kabla ya elfu mbili, kwenye baraza ya jirani yetu pale Nengo, mjini Gisenyi, mpakani na Goma. Alikuwa fundi wa nguo, na watu wote walimwita Mama Mwamini, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mwamini mwenyewe hakuwepo. Alipotea akiwa na umri wa miaka sita katika msongamano wa wakimbizi waliokuwa wakirudi kutoka Goma, mkono ulipoponyoka mkono, na mama yake akaingia nyumbani na mtandio wa bintiye tu.

Miaka ile redio ilikuwa ikitangaza majina ya waliopotezana: fulani anamtafuta mama yake, fulani yuko mahali fulani. Yalisomwa Jumamosi mchana, kila moja kwa namba yake, haraka haraka, bila kurudiwa. Mama Mwamini hakuweza kusimamisha kazi, na cherehani yake ilinguruma kuliko redio. Basi kazi ya kusikiliza alinipa mimi, binti wa miaka kumi, kwa sababu ya mwandiko wangu. Familia yetu ilikuwa imerudi kutoka Tanzania, sikuwa na marafiki wengi, nikajifundisha kuandika vizuri kwa kunakili vipande vya magazeti vilivyofungiwa sabuni na chumvi. Nilikaa chumbani kwake na redio na daftari, nikiandika jina moja kila mstari, kwa namba. Matangazo yalipokwisha wanawake wa mtaa walikusanyika barazani, nami nikawasomea. Waliniita karani. Lazima nikiri kwamba nililipenda jina hilo kuliko nilivyowahurumia wao. Doa la wino likidondoka nilichana ukurasa nikaanza upya. Ukurasa wenye kasoro ulininyima usingizi.

Desemba ile hakuna aliyezungumza jambo lingine ila elfu mbili. Shuleni tuliambiana kwamba saa sita ikigonga kompyuta zote za dunia zitachanganyikiwa, ndege zitaanguka, redio zitanyamaza. Nilimuuliza Mama Mwamini kama cherehani nayo itakufa. Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Mashine yangu inakulaka mafuta na nguvu ya miguu yangu tu. Hiyo elfu mbili yenu itanizima kwanza mi!" Upande wa Goma kulikuwa na kituo kingine, kilichokuwa kikihesabu nyimbo zilizopendwa kabla karne haijaisha, tangu wa mwisho hadi wa kwanza, wiki baada ya wiki. Wimbo wa kwanza ungetangazwa Jumamosi moja, saa ileile ya majina. Darasani kila mtu alikuwa na neno juu yake. Mimi, niliyezoea kujibu kila swali, niliogopa kuingia shuleni Jumatatu bila jibu.

Nilikuwa nimeandika majina kumi na moja nilipozungusha kitufe hadi kituo cha Goma. Nilijiambia ni kwa dakika moja. Wimbo ukaanza, nikaufuata kwa midomo, nikausikiliza mpaka mwisho. Niliporudi, msomaji alikuwa anasoma jina la kumi na tano. Kwenye daftari palibaki pengo la mistari mitatu, jeupe kama jino lililong'oka. Sikuvumilia kuliona. Nilifungua kurasa za mwezi Machi, nikachukua majina matatu ambayo hakuna aliyewahi kuyaulizia, nikayaandika kwenye mstari wa kumi na mbili, wa kumi na tatu na wa kumi na nne. Kwa mwandiko mzuri kabisa.

"Iko jina yetu, karani?" Mama Mwamini aliuliza, kama kila wiki.

"Hakuna, Mama."

Mwaka mpya ukaingia. Ndege hazikuanguka, redio haikunyamaza, na cherehani iliendelea kunguruma. Januari ilikuwa katikati, Vestina, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alipofika na beseni lake kichwani, akipiga vigelegele tangu mlangoni. "Mama Mwamini! Unaficha furaha? Mulimupata, hatuoni hata chai!"

Cherehani ikasimama. "Kupata nani?"

"Mwamini! Walimutaja ku radio, jina ya kumi na mbili, Jumamosi ile, mbele ya mwaka mupya. Anatafuta mama yake, fundi wa Nengo. Mi nilisikia na masikio yangu. Nilikuwa naenda kijijini, nikasema karani iko, ataandika."

Mama Mwamini aliniambia nilete daftari, nami nikalileta. Akaniambia nisome, nikasoma, na sauti yangu haikutetemeka. Nilisoma hata yale matatu ya uongo. Vestina alikunja uso. Ndipo Mama Mwamini akamgeukia: "Ulisikia jina ya mwingine, Vestina. Huyu mutoto haandikake uongo."

Kama angenipiga ningestahimili. Nilitapika palepale kwenye vipande vya vitambaa, nikasema yote, wimbo, pengo, majina ya Machi. Vestina alishika mdomo. Mama Mwamini alivaa viatu, cha kushoto mguu wa kulia, akatoka nje na sindano ikiwa bado imechomekwa kifuani.

Ofisini kwa wale wa matangazo aliambiwa kwamba mtoto alisubiri wiki mbili katika nyumba ya yatima ng'ambo ya ziwa. Hakuna aliyejibu, akahamishwa na wenzake, mbali. Ilichukua hadi Agosti kumpata. Siku alipofika nilijificha nyuma ya mlango, nikamwona: mrefu, mkimya, nywele zimenyolewa. Swali lake la kwanza lilikuwa lile nililoliogopa miezi saba. "Mama, nilisemwa ku radio. Hamukunisikia?"

Mama Mwamini alitazama mlango. Alijua nipo. "Betri ilikuwa imekufa, mwanangu," akasema.

Sasa ninaandika kwa kujipatia riziki, na bado nafuta sentensi kumi ili nibakize moja. Simu yangu ina kila kitu. Wimbo ule niliutafuta mwaka jana, ukaja kabla sijamaliza kuandika jina lake, safi kuliko redio yoyote ya Gisenyi, na naweza kuurudia mara elfu. Nimetafuta pia matangazo ya Jumamosi ile. Hayapo popote. Hakuna aliyeyahifadhi. Mwamini alipatikana, lakini kulikuwa na majina mengine mawili, la kumi na tatu na la kumi na nne. Siyajui, na sijui nani, kwenye mtaa upi, alikuwa amekaa barazani akimsubiri karani asome.