Siku Papa aliposema "mimi" kwa Kinyarwanda

Wakuu, nawasalimu kutoka milima ya Masisi. Humu mimi ni msomaji tu, napita kimya kimya nikicheka visa vyenu. Leo na mimi naweka changu. Sikusimuliwa na mtu, nilikuwa nimekaa pale pale, na chumvi sijatia.

Kiswahili changu mtakivumilia. Kila nikiandika "iko", ninyi wa Dar na Mombasa mnanirudisha darasani. Jamani, huku kwetu iko vile vile!

Mimi ni mama wa biashara, nauza fromage Goma, jibini ya maziwa ya ng'ombe wa huku milimani. Nyumbani ni kilima kimoja si mbali na Masisi centre. Papa, yaani baba yangu, ni mkulima. Kihunde ndiyo lugha ya nyumba yetu, Kifaransa tulikipata shuleni, Kiswahili sokoni na kanisani.

Jirani yetu ni Papa Safari, mfugaji. Kwao nyumbani wanaongea Kinyarwanda, nasi wa kilimani tunakielewa. Yeye na Papa wamekaa kilima kimoja tangu wakiwa watoto.

Vita ilipokuja tulikimbia wote, familia zote mbili, tukaishi kambini Lushebere. Tuliporudi tulikuta miti ya mpaka imekatwa yote, watu wameipikia. Kuni haina kabila, wakuu.

Hapo balaa likaanza. Papa akasema shamba lake linafika mpaka mtoni. Papa Safari akasema hapana, linaishia kwenye jiwe kubwa, kuanzia pale kwenda chini ni malisho yake. Kipande chenyewe si kikubwa. Ila bila hicho Papa hana pa kupanda maharagwe, na Papa Safari hana njia ya kupeleka ng'ombe kunywa maji.

Siku moja kaka yangu Bahati akanipigia simu.

"Dada, kuja. Kesho miye naenda kupanda miti ya mpaka mpya, paka ku muto. Mwenye atakuja kunikataza, atanikuta pale na panga."

Nilipanda moto, yaani pikipiki, siku ile ile, roho mkononi. Huku kwetu ugomvi wa watu wawili haukawii kuwa ugomvi wa lugha mbili. Ukishafika hapo hakuna anayeuliza tena habari ya maharagwe, watu wanazikana tu.

Jambo moja nililiona nilipofika, nikashtuka. Pale jikoni, kwa Kihunde, Bahati aliposema "sisi" alimaanisha sisi wa nyumba hii. Kumbe mtu yule yule, akiwa Goma kwenye mpira anapiga kelele kwa Kiswahili "sisi Wakongomani", Papa Safari na watoto wake wote wamo ndani. Mdomo ni ule ule!

Basi, aliyetuokoa ni Mama Furaha. Ni mwanamke wa Kibua, kule Walikale, aliolewa kilimani kwetu na anaongoza maombi ya akina mama. Lugha yake ni Kinyanga, kwa hiyo katika ugomvi ule hakuwa na wa kumpendelea. Asubuhi, kabla Bahati hajatoka, aliita familia zote mbili mbele ya kanisa.

Akasema, "Kwetu Kibua, bawindaji bakigombana juu ya pori, baba yangu alikuwaka anabaambia hivi. Hausemi yako mbele ya kusema ya mwenzako. Unaisema mu luga yake. Na unasema 'mimi', hausemi 'yeye'. Papa, anza weye. Sasa weye njo Safari." Yaani Papa ndiye awe Safari.

Papa akaruka. "Miye niseme uongo yake na kinywa yangu?"

"Kama iko uongo, uiseme muzuri basi, tuisikie."

Watu wakacheka, hata Bahati. Papa akasimama kwa hasira na kuanza, "Yeye anasema..." Mama Furaha akamkata. "Mimi, Papa. Sema mimi."

Wakuu, niseme nini? Papa yangu ni mtu wa maneno mafupi, makali. Kinyarwanda chake nilikuwa nakijua cha kusalimiana njiani tu. Akafungua kinywa, na akatoka mtu nisiyemfahamu. Sauti ikashuka. Akawa mpole, anavuta maneno taratibu, anataja ng'ombe za Safari kwa majina yao, moja moja. Miaka yote nakula mezani kwake, na huyu mtu alikuwa humo ndani!

Alisema: mimi nilikimbia mikono mitupu. Niliporudi, njia ya maji ya ng'ombe zangu nimeikuta imelimwa. Jirani yangu hanisalimu tena.

Halafu akafika kwenye jiwe.

"Pale kwenye jiwe," Papa akasema kwa Kinyarwanda, "ndipo mama yangu amelala. Mkiliondoa jiwe mmemwondoa mama."

Sisi vijana hatukujua kama pale kuna kaburi la mama wa Safari, msalaba wake wa mti nao uliishia jikoni kwa watu. Katika ugomvi wote ule Papa Safari hakulitaja hata mara moja. Papa naye hakulitaja, ingawa kaburi lile walilichimba wawili, yeye na Safari.

Papa Safari alikuwa amefunika uso kwa kofia. Zamu yake ilipofika alisimama akasema ya Papa kwa Kihunde, tena Kihunde cha zamani, kile cha nyanya yangu. Alisema: mimi ardhi hii nilipewa na baba yangu, nimerudi na watoto wenye njaa, na nisipopanda msimu huu nitawaambia nini? Mama zetu wakalia kwa sauti. Mimi pia nililia, sina aibu.

Makubaliano yakasemwa kwa Kiswahili, ili pasiwe na mwenyeji wala mgeni. Jiwe na njia ya maji vikabaki kwa Papa Safari, kilichobaki Papa apande maharagwe. Miti ya mpaka waliipanda Bahati na mtoto mkubwa wa Safari. Panga lilitumika kuchonga vijiti.

Jioni nilimuuliza Papa, kwa nini kaburi hukulisema mapema, nyumbani? Akanijibu:

"Mama yangu alikufa miye niko mudogo. Mama ya Safari njo alinilea, na maziwa yake, na luga yake. Mu Kihunde sikujuaga namna ya kumulilia."

Kwa hiyo somo langu ndilo hilo. Nilidhani lugha ni nguo, unavaa hii sokoni na ile ofisini. Kumbe kuna mambo mtu anayajua kwa lugha moja tu, na ukimnyima hiyo anabaki hana habari nayo. Nchi yetu ina lugha nyingi mno. Tangu siku ile nikizisikia sokoni napunguza mwendo.

Karibuni mnikosoe, hata hiyo "iko" yangu. Ila kwanza niambieni: mzazi wako analia kwa lugha gani, na umewahi kumsikia?