Sikufundishwa Kumaliza

Stashahada yangu ya uendeshaji wa hoteli imetundikwa mapokezi, juu kidogo ya friji la soda, mahali ambapo dereva yeyote anayeingia kununua maji ataiona hata kama hataki. Niliipata kwa jasho langu. Sikuwa na mjomba serikalini wala mfadhili. Nilianza kwa kuosha masufuria Arusha, nikasoma jioni, nikapanda mpaka nikawa msimamizi wa usafi katika hoteli yenye lifti. Kisha nikarudi, nikajenga nyumba ya wageni hapa Lusahunga, kwenye njia ya malori ya Rusumo. Ina vyumba kumi, maji ya moto na sebule ya wageni yenye mazulia. Nionyesheni nyingine.

Kule Arusha, sebule ya hoteli ilikuwa na piano. Kila jioni mzee mmoja mwenye tai ya kipepeo alikaa akapiga muziki usio na maneno, ambao haukuwa wimbo wowote. Vidole vyake vilitembea kama mtu aliyetoka kupunga upepo baada ya kula, na wageni walikoroga kahawa bila haraka. Mimi niliifuta hiyo piano vumbi kila asubuhi. Siku moja nilikaa kwenye kiti chake, mwenzangu akanipiga picha, nikamtumia Mama kijijini Mabawe. Sikuandika neno lolote chini ya ile picha, na hilo naomba lieleweke. Mama ndiye aliyejisomea alichotaka. Niliporudi, jumuiya yake nzima ya kanisani ilikuwa inajua kwamba nililipwa kuwapigia wazungu piano.

Kwa hiyo niliponunua kinanda cha mtumba cha kupamba sebule, nilikuwa nimejifunga kamba mwenyewe. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja asiyeamini kitu mpaka akishike, alikuja na Mama kukitazama. Alikizunguka kama anayenunua ng'ombe.

"Mwanetu, siku ya ufunguzi wa nyumba yako tutakuja wote," alisema. "Habari zako tumezisikia miaka mingi kwa mama yako. Sasa tuvisikie na vidole."

"Mtavisikia mpaka mchoke," Mama alimjibu, akainua kidevu.

Nilikiona kile kidevu nikajua siwezi tena kusema ukweli. Nikiumbuka, mimi ningebaki Lusahunga na malori yangu. Mama ndiye angekaa na yule mwenyekiti kila wiki, mkeka mmoja, rozari mkononi.

Nilikuwa na wiki tano. Nilikwenda Mabawe kwa mwalimu wa kwaya, mzee aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi lakini hakustaafu kusahihisha watu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, bosi. Unataka wimbo gani?"

"Sitaki wimbo. Nataka ule wa polepole, wa kwenda tu, mtu akiwa anakunywa kahawa."

"Umeandikwa na nani?"

"Hakuna aliyeuandika. Unautunga palepale ukiwa unaupiga."

Alivua miwani. "Sasa ukikosea nitajuaje?"

"Hutajua."

"Basi umefaulu. Nenda nyumbani."

Nilimbembeleza kwa kilo ya sukari. Akanifundisha kushika sauti tatu kwa mkono wa kushoto, kuziacha zilie mpaka zichoke, kisha kuhamia tatu nyingine. Mkono wa kulia alinikataza vibonyezo vyeupe kabisa. "Tembea kwenye vyeusi tu," alisema. "Vyeusi havigombani." Nami ni mwepisi wa kushika. Wiki ya tatu nilikuwa naweza kuanza na kuendelea bila kukwama. Muziki wangu ulikuwa na mwanzo mzuri na katikati ndefu sana.

"Na mwisho, Mwalimu?"

"Mpiga kinanda haamui mwisho. Anatazama foleni ya wanaopeleka matoleo altareni. Foleni ikiisha, na wewe unaisha."

Niliandika hilo kwenye daftari, nikalipigia mstari.

Ufunguzi ulikuwa Jumapili baada ya misa. Wanajumuiya walishuka kwenye Coaster ya kukodi na sare zao, vikapu kichwani: ndizi, maharage, mihogo, na mwenyekiti akiwa na jogoo kwapani, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu anayekwenda kwenye sherehe mikono mitupu. Kando ya kinanda nilikuwa nimeweka meza yenye kitambaa cheupe, maua na mishumaa miwili, kama stashahada inavyoelekeza. Viti, aliyevileta alikuwa amevipanga mistari miwili na njia katikati. Niliona vimependeza tu.

Nikakaa. Sauti tatu za kushoto, nikaziacha zilie. Kulia, vyeusi. Polepole.

Sebule ilinyamaza. Wazee wakavua kofia. Nikasema moyoni, hicho ndicho kinachoitwa kipaji. Kisha bibi mmoja alisimama na mkungu wake wa ndizi, akaja taratibu katikati ya viti, akainama mbele ya mishumaa, akauweka mezani. Nyuma yake akaja mwingine na maharage. Kugeuza macho, foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Nikakumbuka daftari. Foleni haijaisha, usiishe. Nikaendelea. Nao, kinanda kinalia, watawezaje kukaa? Vikapu vilipokwisha walirudi kutafuta kingine. Mtu alileta leso yake. Mwingine alichukua chupa yangu ya chai kaunta, akainama, akanitolea. Kikaja kikombe changu. Likaja zulia dogo la mlangoni, limekunjwa vizuri. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa amejipanga na sahani tupu alifika mbele, akatazama meza.

"Kaka, wali uko wapi?"

"Endelea mbele," nilimnong'oneza, vidole vikiwa kwenye vyeusi.

"Mbele kuna ukuta, kaka."

Akaweka sahani mezani, akapiga ishara ya msalaba, akarudi mwisho wa foleni.

Jasho lilinitoka mpaka kwenye vibonyezo. Mwenyekiti alikuja na jogoo, akalifunga kwenye mguu wa kinanda, akasimama kunitazama vidole. Hapo Mama akaja na kitambaa, akajifanya ananifuta uso.

"Maliza," alininong'oneza.

"Sikufundishwa kumaliza."

Mama aligeuka akawakabili watu wote.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina!"

Nikaondoa mikono. Watu wakakaa. Jogoo likawika, wakapiga makofi, sijui ya nani kati yetu.

Mwenyekiti hakukaa. "Mwanetu, na kule hotelini wageni walikuwa wanakuletea majogoo?"

Niliinama kukaza kamba ya jogoo.

"Kule walikuwa wanaleta mbuzi," Mama alisema.

Mwenyekiti alimtazama, akanitazama, akatazama ile meza iliyojaa. "Naona," alisema, akaenda kuulizia chakula.

Baadaye jikoni, tukirudisha vikombe vyangu kabatini, Mama aliniambia bila kugeuka: "Ile piano ulikuwa unaifuta."

"Nani kakwambia?"

"Kwenye picha umeshika kitambaa cha vumbi. Miaka yote hiyo nawaonyesha, nakifunika kwa kidole gumba."

Nilisimama na sahani ya yule dereva mkononi.

"Lakini leo umepiga," alisema. "Wamekuona. Sasa nenda kwa Mwalimu akufundishe kumaliza. Mimi magoti yameanza kuuma, siwezi kuja Lusahunga kila Jumapili."

Ninajifunza. Mwalimu anasema kumaliza ni kugumu kuliko kuanza, na sasa anadai kilo moja zaidi ya sukari. Jogoo hatukulichinja; linalala chini ya kinanda, na nikianza kupiga linawika kwa wakati wake lenyewe. Picha ya Arusha bado iko kwa Mama. Mimi nimetundika mpya chini ya stashahada: mikono yote miwili iko kwenye vibonyezo, na haina kitambaa.