Spageti ya Mtu Mmoja

Mama yangu hakunifundisha kupikia mtu mmoja, kwa sababu kwetu hakukuwa na mtu mmoja. Vipimo vyangu vyote ni vya sufuria kubwa: unapikia waliomo, anayepita, na atakayesikia harufu akapanda ngazi. Sasa mume wangu amefariki, eda nimeimaliza, na nyumba hii ya ghorofani Mji wa Kale nimebaki nayo mwenyewe. Kilichonitoa jasho kuliko yote ni chakula cha jioni.

Muda wote wa eda nililetewa. Wifi yangu alikuwa akinitumia bakuli kwa tuktuk kutoka Tudor, limefungwa vizuri kwa kitambaa. Eda ilipokwisha nikamwomba aache, nataka kurudi jikoni kwangu. Mumewe, ndugu yangu, akalichukulia vibaya. Huyu ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni akinikojolea, lakini tangu nifiwe amejipa ubaba. Akaniambia nihamie kwake, chumba kimeshapakwa rangi.

"Mwanamke haketi peke yake, dada. Utakufa njaa humu ndani, nasi hatuna habari."

Mimi nilitaka kubaki kwangu. Si kwa ubishi, ingawa ubishi ninao. Nyumba hii naipenda, na nilijua nikihamia Tudor nitakuwa mgeni wa heshima mpaka siku ya kufa kwangu.

Jioni ya kwanza nilipika spageti, maana nafundisha watoto wa chekechea na hurudi nimechoka hoi. Mkono ukamwaga pakiti nzima kabla akili haijafika. Nikafanya anavyofanya kila mtu hapa: nikapakua sahani, nikazifunika, nikawapelekea majirani. Na sahani kwetu hairudishwi tupu. Moja ikarudi na mkate wa sinia, nyingine na pojo za nazi, nyingine na samaki wa kupaka. Wiki ile sikuwasha jiko tena. Nilikula vya watu mpaka friji ikakataa kufungwa.

Ndugu yangu alipokuja, akaifungua hiyo friji na kutikisa kichwa.

"Waona? Chakula cha majirani hiki. Wewe wapika nini?"

Nilijaribu kumweleza, hakusikia. Akasema Alhamisi baada ya Maghribi atakuja na gari, niwe nimefunga nguo zangu.

Alhamisi nikitoka kazini nilipitia Marikiti, nikachagua nyanya chache. Muuzaji akaniuliza kama nataka za kuonja. Nyumbani sikufunga nguo yoyote. Nilipomaliza kuswali Maghribi nikaingia jikoni, nikabandika maji, nikatia chumvi. Nikashika fungu dogo la spageti. Nikaona aibu: je, mtu akitokea? Nikaongeza. Nikaikumbuka friji, nikarudisha nilichoongeza, nikakitia kilichobaki kabla sijabadili nia tena. Pembeni nikakaanga kitunguu thomu kidogo, nikakuna nyanya juu yake, nikatia pilipili manga, nikaacha mchuzi ukauke. Mume wangu alijua tambi za sukari na iliki tu. Hizi za nyanya aliziita chakula cha hospitali, na kila nikizipika alilalamika mpaka sahani ikaisha. Nilimkumbuka pale nikaumia sana.

Nilipakua sahani moja, sufuria ikabaki nyeupe. Nilikuwa nimekula matonge mawili hivi nikasikia hodi.

"Karibu. Ndoo ule," nikasema, nikimwita sahanini kama ilivyo ada.

Ada nyingine ni mgeni kujibu kwamba ameshakula, hata kama tumbo linamnguruma. Lakini ndugu yangu alikuwa ametoka ofisini Kilindini moja kwa moja, na siku za meli nyingi hawali mchana. Alikwenda kunawa, akachungulia sufuria.

"Umejipikia wewe tu?"

"Ni nani mwengine yumo humu?"

Akakaa mkekani mbele yangu, tukala sahani ile moja. Kila mtu alikuwa akisukumia upande wa mwenzake, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni chakula kilipokuwa haba. Mwisho likabaki tonge dogo katikati, halina mwenyewe.

"Kula wewe," akasema. "Mimi nilidhani wangoja kuletewa, dada. Nilidhani umeshindwa."

"Sijashindwa. Nilikuwa najifunza."

"Ni tamu, wallahi. Ila haitoshi."

Nikacheka, naye akacheka, na huo ulikuwa mwezi wa ngapi sijui sijacheka na mtu. Nikala lile tonge, nikainuka kumbandikia maji mengine. Simu yake ikalia. Alikuwa mkewe, na sauti yake ilifika mpaka jikoni: kitanda ameshakitandika, je, tuko njiani?

Ndugu yangu akaitazama sahani tupu mkekani. Nikasimama na pakiti mkononi, naogopa hata kuifungua.

"La, haji," akasema. "Mimi ndiye nitakayechelewa. Niko kwake, nangoja chakula."

Nilikuwa nimempa mgongo. Machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke mpaka maji yakachemka.