Kopo la Madamu Asienzo

Perpetua Asienzo alianza kufundisha darasa la tano Jumatatu tarehe 4 Februari 2002, katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Moyo, kaskazini mwa Uganda. Tangu mwaka wake wa pili kazini, hakuna mwalimu mwingine aliyeongoza onyesho la shule hiyo Siku ya Wakimbizi. Shule nzima inalijua hilo, kwa kuwa yeye mwenyewe hulikumbusha.

Alikuwa na sababu ya kulikumbusha. Alizaliwa Kajo-Keji, ng'ambo ya mpaka, wakati Wamadi, wenyeji wa Moyo, walipokuwa wakimbizi Sudan, akarudi kwa miguu akiwa na miaka sita, ameshikilia kitenge cha mama yake. Kila Juni alisimama mbele ya darasa akaeleza jinsi mama yake alivyopalilia mashamba ya Wakuku, wenyeji wa Kajo-Keji, kwa leja-leja, kibarua cha kulipwa unga jioni hiyo hiyo. Kisha akawafundisha watoto wimbo ambao vibarua walimwimbia mwenye shamba:

Kibuyu chako kirefu nje, kifupi ndani.
Tupimie tena, Kiden.

Kiden alikuwa ndiye mwenye shamba, na kibuyu ndicho alichowapimia unga. Watoto walimchukia kwa moyo wote, na Asienzo aliridhika.

Mwishoni mwa 2016 vita viliwatoa Wakuku kwao, wakaja Moyo kwa maelfu, wakapewa viwanja katika kambi ya Palorinya. Watoto wao wakaingia darasani pamoja na Wamadi. Mwaka uliofuata shule ikampata mwalimu msaidizi kutoka miongoni mwao, Skovia Jokudu, binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye sauti ndogo na viatu vya plastiki.

Jokudu hakusimulia. Aliwapa watoto udongo wa mtoni, akawaambia wafinyange kitu kimoja walichokiacha nyumbani. Wale wa Moyo, ambao hawakuacha kitu, aliwaambia wawaulize bibi zao. Baada ya wiki mbili dirisha la darasa lake lilijaa mbuzi, vinu, baiskeli, na mlango mmoja uliosimama peke yake bila nyumba. Wakati wa chakula watoto wa Asienzo walibeba sahani zao za maharage wakaenda kula chini ya dirisha hilo.

Asienzo alilitazama mara moja, akasema udongo ukikauka hupasuka. Ofisini aliuliza kama siku hizi ualimu ni kuchafua mikono. Mwanafunzi wake mmoja alipoomba ruhusa ya kwenda kuangalia kama kinu alichofinyanga kwa Jokudu kimekauka, alimpa hesabu za ziada. Wenzake walianza kumtania kwa upole. Mwalimu wa sayansi alimuuliza, "Madamu, umewafinyangia nini wako?" Kwa siku mbili Asienzo hakunywa chai nao.

Hayo angeweza kuyavumilia. Ila Mei mwaka huu, 2018, alipita nyuma ya stoo ya jiko akawasikia watoto wa Jokudu wakifanya mazoezi. Walikuwa wamejipanga mstari, wameinama kama watu wenye majembe, wanaimba wimbo wa mama yake.

Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, Bwana Leku, akasema ameibiwa. Jokudu akaitwa.

"Huo wimbo nilizaliwa nao," Asienzo alimwambia. "Mama yangu aliuimba akiwa na malengelenge ya jembe lenu. Wewe umeupata wapi?"

"Kwa bibi yangu, madamu."

"Bibi yako alikuwa kibarua?"

"Hapana. Alikuwa na shamba." Jokudu alitazama sakafu. "Wamadi walimwimbia yeye. Alicheka mpaka akakaa chini, akawaomba wamfundishe. Tulipofika huku ndio tukaanza kuutumia."

"Aliitwa Kiden?"

"Kina Kiden kwetu ni wengi, madamu."

Bwana Leku, ambaye Wamadi wenzake walimtarajia aegemee upande wa Asienzo, alisema kila darasa litaimba mbele yake, naye ataamua nani aongoze onyesho tarehe ishirini Juni.

Darasa la Asienzo liliimba kwanza, limesimama wima, mikono ubavuni. Kiden akatajwa mahali pake. Bwana Leku aliitikia kwa kichwa.

Likafuata la Jokudu. Waliinama, wakasogea pamoja, na mguu wa kushoto ukawa ndio ngoma. Sasa, katika wimbo huu jina hubadilika. Huwekwa la mwenye shamba la msimu huo. Jokudu alilijua hilo, na kwa ajili ya mazoezi aliwapa watoto jina la Poni, ambalo halimhusu mtu. Watoto wa Moyo wakaimba Poni. Lakini wale wa Palorinya walikuwa wameuzoea kutoka kwa mama zao, na mdomo uliozoea haukungoja ruhusa:

Tupimie tena, Asienzo.

Mguu ukasimama. Jokudu alifunika uso kwa viganja.

Asienzo ana shamba la karanga nyuma ya nyumba yake. Kwa misimu miwili linapaliliwa na wanawake wa Palorinya, mama yake Jokudu akiwemo, nao hulipwa unga wa muhogo kwa kopo la njano la plastiki, ambalo kitako chake kimebonyea kwenda juu.

Bwana Leku alikohoa, akasema Jokudu ataongoza. Asienzo alichukua mkoba wake akaenda zake.

Jirani yake anasema jioni hiyo alimwona ameketi barazani, kopo likiwa mapajani, akiuimba wimbo taratibu. Aliimba kwa jina la Kiden, kisha kwa jina lake. Baadaye alimwambia jirani huyo kitu kilichomkera kuliko vyote: kwamba jina lake lilikaa vizuri zaidi.

Asubuhi alimkuta Jokudu darasani, anapanga mbuzi wa udongo dirishani.

"Nani anaigiza mwenye shamba?"

Jokudu alimtaja msichana mmoja mrefu wa Palorinya.

"Hawezi. Nimemwona. Anatembea kama mtu mwenye njaa." Asienzo aliweka mkoba mezani. "Kama ni mimi, nitajiigiza mwenyewe. Sitaki kuona mtu mwingine akipigiwa makofi kwa jina langu."

"Utawapimia kwa kitu gani, madamu?"

"Nitakuja na kopo."

Jokudu alikubali. Tangu siku hiyo wamegombana mara mbili, zote kuhusu nani asimame katikati.

Jumatano tarehe 20 Juni, saa nne asubuhi, Asienzo atapanda jukwaani na kopo la njano, na watoto wa madarasa yote mawili watamwimbia kwa jina lake. Mama yake Jokudu amealikwa, na amesema atakuja.