Karatasi ya Kukataa Maharage

Formasio ilikuwa ya siku tano, ya kutufundisha namna jeshi inanunuaga vitu, inavipokea, inavitunza. Walituweka mu hangari moja ya bati ya Zone Industrielle, kwenye viwanda, joto yenye hata mijusi ilikuwa inaomba ruhusa ya kutoka. Mi nilikuwa raia tu, mutunza-depo, mwenye funguo. Kapiteni mwenye alitufundisha alisema siku ya kwanza: mwenye atashindwa mutihani, arudishe funguo, aende kubeba magunia. Na mi magunia nilishabeba bandarini paka shingo ikaingia mu kifua. Siku ya ndoa yangu walikosa pa kufunga kravati.

Shida yangu, hakuna mutu aliijua. Masomo sikuingiaga. Sahihi nilijifunza kwa macho: muzunguko, mukia, nukta mbili. Muzuri kupita ya waziri. Na mu depo, sahihi inatosha kama unapokea. Sababu karatasi ya kupokea iko hivi: ukikubali, unatia sahihi, imeisha. Ukikataa, iko mistari mitatu ya kuandika sababu. Basi miaka yote nilikuwaga nakubali. Waliniletea viatu vya asikari, soli inacheka meno inje, nikakubali. Wangeleta tembo amekufa, ningetia sahihi.

Siku ya tano, siku ya mutihani, kamyo ya kweli ikaingia na maharage ya kambi.

"Kila mutu achunguze, halafu aamue," kapiteni akasema. "Chenye mutakubali, asikari watakula kesho."

Wenzangu wenye diploma wakasoma karatasi, wakapima kilo, wakatia sahihi. Mi nikafungua gunia, nikatia mukono paka kwenye kiwiko, vile tulikuwaga tunafanya bandarini. Ndani kulikuwa moto. Maharage yaliingia maji: juu kavu, katikati yanaoza.

Nikashika biki ya kuandikia. Wote wamekubali, nikikubali na mi, nabakia na funguo yangu. Mukono ilishaanza yenyewe: muzunguko, mukia. Kapiteni akasimama nyuma yangu.

"We muzee, unangoja nini? Wenzako wamemaliza."

"Nakataa, mon kapiteni."

"Basi jaza sababu."

Jasho yenye ilinitoka, ziwa Tanganyika ingepanda mita moja.

"Mutie mukono humu kwanza," nikamwambia.

Akatia. Uso ikabadilika.

"Iko moto."

"Sababu njo ile. Mi sijui kuandika."

Kapiteni akatoa mukono mu gunia. Akauliza polepole:

"Na miaka yote, nani alikuwa anatupokelea vitu?"

"Ni mi."

"Hata viatu?"

"Hata viatu."

Akaangalia miguu yake. Hakuna mutu alicheka. Akanyoosha mukono, nikamupa funguo.

"Utakaa mulangoni," akasema, "na cheo ya mubebaji. Gunia haipite bila mukono yako kuingia."

Kamyo ikarudi na maharage yake.

Sasa funguo iko na sarjenti mumoja, mwanamuke, wa kati ya wenzangu wa formasio, mwenye alirudilia mutihani akaupita. Mi natia mukono, yeye anaandika. Juzi walileta muchele. Nikaanza kumuhesabia makosa ya ule muchele.

"Baba, polepole," akasema. "Mistari ni mitatu tu."

"Omba karatasi ingine. Mi niko na sababu za miaka yote."