Ulimi wa Theodosia na tanuri la chuma la Kasulu

Saa tatu asubuhi. Katika karakana ya Mansuri Athuman, hatua chache kutoka soko la Kasulu, feni inapuliza mkaa na tanuri linanguruma. Wanaume sita wamesimama mbali. Theodosia Ntirampeba amekaa karibu kuliko wote, kwenye kigoda, kitambaa kilicholowa maji kikiwa begani. Kila baada ya dakika chache anainama na kuchungulia kwenye tundu dogo lililo ubavuni mwa tanuri, kama mpishi anayechelea wali wake usiungue.

Chuma kilichomo ndani ni cha Mansuri. Theodosia anatazama ukuta, ule aliousiriba kwa mikono yake.

“Ukianza kung'aa kama umepakwa mafuta, ujue unayeyuka,” anasema bila kugeuka. “Ukibaki mkavu, tunapumua.”

Theodosia, mwenye umri wa miaka 46, ni mkazi wa Kitahana wilayani Kibondo. Kazi yake ni kuchagua udongo na mawe yanayostahimili moto mkali. Amejenga matanuri ya mikate, ya kuchomea chokaa na ya kuyeyushia aluminiamu ya masufuria. La chuma hajawahi. Leo ndiyo mara ya kwanza, na hafichi hofu yake.

Mansuri naye ana sababu ya kusimama amefumbata mikono. Mwaka jana kuta mbili zilimwangusha. Ya kwanza aliisiriba kwa udongo wa kichuguu, kama wafanyavyo wachoma matofali wengi wa huku. Ya pili aliijenga kwa matofali ya mtumba aliyoyapata kwa mtu. Matofali mapya ya kustahimili moto, kuyatoa Dar es Salaam hadi Kasulu, aliambiwa yangemgharimu zaidi ya shilingi milioni tatu.

“Ukuta wa kwanza ulitiririka kama uji,” anasema. “Wa pili ulijitahidi saa mbili. Huu wa mama huyu ukianguka, nafunga. Narudi kuchomelea mageti.”

Kwa Theodosia, anayelipwa shilingi laki nne na nusu kwa tanuri zima, mambo ni mazito vilevile. Amekwisha kumwambia Mansuri kwamba ukuta huu ukishindwa, hatagusa tena tanuri la mtu.

Sasa, udongo unaoweza kukaa na chuma kilichoyeyuka unachaguliwaje na mtu asiye na maabara? Theodosia anatia kidole kwenye kopo, anatoa kipande cha udongo mweupe, anakiweka mdomoni.

“Kwa ulimi,” anasema.

Aliyemfundisha ni mama yake, mfinyanzi, ambaye pamoja na mumewe walivuka kutoka Burundi mwaka 1972 na kulima Kitahana mpaka wakawa raia. Udongo mzuri, ibumba, hulainika ulimini kama siagi, hauachi chumvi wala hauumi. Wenye chumvi huyeyuka mapema. Wenye chokaa huuma ncha ya ulimi na kukausha mate. Mchanga husikika kwenye meno, na mchanga kidogo si mbaya.

Mwandishi wa makala haya alipewa vipande viwili aonje. Vyote vilikuwa na ladha ya udongo. Theodosia alicheka mpaka akasahau tundu lake kwa muda.

Ulimi ni hatua ya kwanza tu. Baada yake anaviringa vijiti vya udongo vyenye ukubwa wa kidole, anavikausha, kisha anavisimamisha katikati ya moto wa mhunzi. Kinachopinda kinatupwa. Kilichobaki wima anakichovya kwenye maji kingali chekundu; kikipasuka, nacho kinatupwa. Udongo uliofaulu anauchanganya na vigae vya vyungu vikuukuu vilivyotwangwa, kwa sababu kilichokwisha kuungua mara moja hakishtuki tena na moto. Kisha anaulaza chini ya majani ya migomba kwa miezi kadhaa. Huu wa Mansuri ulilala minane.

Mawe anayagonga na kusikiliza. Ya mtoni hayataki kabisa, maana yana maji ndani na hupasuka kama bunduki.

Lakini hatua hizo za moto na maji hakuwa nazo zamani. Zilizaliwa na aibu, na aibu yenyewe anaisimulia mwenyewe, tena mbele ya mtu aliyepata hasara.

Aliyepata hasara ni Bi Adija, mama yake Mansuri, ambaye asubuhi hii amekuja na kiti chake cha plastiki na chupa ya chai, akakaa kivulini. Miaka kumi na saba iliyopita Bi Adija alikuwa na duka la mikate hapa mjini. Alimwita Theodosia amjengee tanuri kubwa la kuoka mikate ya Idi. Theodosia alikuwa na mimba ya miezi mitano.

“Mwenye mimba anatamani udongo, unajua,” anasema. “Sokoni wanauza pemba, ule udongo wa kula, kwa ajili yetu. Basi mimi kila udongo ulikuwa mtamu. Ningepewa tofali, ningelitafuna!”

Akiwa njiani kutoka kumsalimu shangazi yake kijijini Munanila, alikutana na udongo wa bondeni unaonukia mvua. Aliuonja, akauonja tena, akafunga bonge la kula njiani kwenye pindo la kanga. Aliamini kwamba hajawahi kuona ibumba zuri kama lile. Alijenga tanuri kwa udongo huo bila kuujaribu kwa moto. Ulimi wake ulikuwa haujawahi kumdanganya.

Udongo ule ulijaa punje za chokaa. Siku mbili kabla ya Idi, kuba lote la tanuri lilishuka juu ya mikate mia tatu.

“Nilitaka ardhi inimeze,” anasema Theodosia.

Bi Adija anaidaka simulizi hapo, maana sehemu hii ni yake. “Nilikuja kumgombeza. Nilikuwa nimejiandaa, wallahi. Nikamkuta amekaa chini analia, na huku analia anatafuna. Nikamwuliza, ‘Mwanangu, unakula nini?’ Akafungua kanga, akanionyesha. Tanuri langu lilikuwa kwenye pindo la kanga!”

Wote wawili wanacheka, Theodosia akifuta macho kwa kile kitambaa cha begani.

Mumewe Bi Adija, marehemu Athuman, alitaka fundi mwingine aitwe siku ileile. Majirani walimuunga mkono. Bi Adija alikataa. Aliwaambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwamba aliyekosea ni mimba, wala si fundi, na mimba ina mwisho wake. Kisha akamwambia Theodosia arudi nyumbani, ajifungue, amalize arobaini, ulimi ukitulia aje ajenge upya.

Kwa karibu miezi sita Bi Adija alioka mikate ya sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, michache michache. Wateja walihama. Mjini wakamwita Mama Ngoja.

“Nilikuwa darasa la nne,” anakumbuka Mansuri. “Mimi ndiye niliyepepea ule mkaa kila nikitoka shule. Nilimchukia huyu fundi, acha tu.”

Mtoto alipozaliwa, Bi Adija alimpa kondakta wa basi la Kibondo unga wa uji na kanga mbili ampelekee mzazi. Theodosia na mumewe wakamwomba achague jina. Ndiyo maana katika nyumba inayosali kanisani kila Jumapili kuna msichana wa kidato cha nne anayeitwa Firdausi. Padri aliuliza mara moja tu, akaelezwa, akambatiza.

Tanuri la pili lilijengwa Firdausi akiwa na siku arobaini na tatu. Lilioka mikate miaka kumi na mmoja, mpaka Bi Adija alipochoka mwenyewe na kufunga duka.

“Kila nilichonacho kimetoka kwenye ile miezi,” anasema Theodosia. “Nyumba ya bati, ada ya watoto, jina langu. Angeita fundi mwingine, nani angeniita tena? Namshukuru. Nitamshukuru mpaka kaburini.”

Saa tano na robo Mansuri anatoboa tanuri kwa mtaimbo. Chuma kinatoka chekundu, kizito, kinaingia kwenye ndoo iliyosiribwa udongo uleule, kisha kwenye kalibu za puli za mashine za kusaga. Hakuna anayeshangilia. Ukuta wa pili nao ulifika karibu na hapa.

Wanajaza tena. Mara ya pili. Mara ya tatu. Theodosia hanywi chai anayoletewa. Midomo yake inacheza. Huenda anasali, huenda anahesabu.

Saa nane kasoro robo, baada ya chuma cha mara ya nne kumiminwa, feni inazimwa. Mansuri anasogea, anachungulia, anampisha Theodosia. Naye anachungulia muda mrefu. Ukuta ni mkavu. Kuna ufa mmoja, mwembamba kama uzi, karibu na tundu la kutolea chuma.

“Huo nitauziba kesho,” anasema. Kisha, kwa Kirundi: “Imana ishimwe.” Mungu asifiwe. Bi Adija ananyanyuka kwa shida kwenye kiti chake, anamkumbatia na masizi yake yote.

Mansuri sasa hanyamazi. Anataka tanuri la pili, kubwa zaidi, na anataka udongo wake uonjwe mwezi huu huu, upate kulala mapema. Mteja wa Kibondo ameshaagiza puli ishirini. Lakini Theodosia, tangu yale ya mikate ya Idi, hauamini ulimi mmoja. Udongo wake huonjwa na watu wawili, na mwenzake ni Mpawenimana, jirani wa Kitahana mwenye miaka 29, ambaye Theodosia amemfundisha kwa miaka minne. Mpawenimana ni mjamzito.

“Mama, onja peke yako,” anasihi Mansuri. “Ulimi wako unatosha.”

“Hautoshi.”

“Basi tumtafute mwingine. Munanila wafinyanzi wapo.”

“Wapo. Mimi nina Mpawenimana.”

“Anajifungua lini?”

“Mwezi ujao. Uongeze na arobaini yake.”

Mansuri anamgeukia mama yake apate wa kumtetea. Bi Adija anajifanya anatengeneza ushungi.

Theodosia ana mpango wa kujenga kibanda Kitahana, chenye moto wa kujaribia udongo, afundishe wanawake watano kazi hii ili matanuri ya Kigoma yasingoje matofali ya mbali. Kiwanja anacho. Miti amekwisha kukata. Lakini kwanza hili la Mpawenimana. Ninamwuliza kama haogopi kazi kubwa hivi kumponyoka.

“Kazi ikitaka iende, iende,” anasema. “Yule binti nitamsubiri. Mimi nilisubiriwa.”