Doa la Babu

Babu mzaa mama alifariki mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Nikapewa jina lake, na mama akawa ananiita baba. Kwetu Goweko hakuna anayeshangaa hilo. Jina la marehemu haliachwi likae bure.

Nilipokuwa na miaka sita niliumwa tumbo. Mama akanipa vidonge vyeupe vya salfa, vilevile alivyozoea kunipa, na mchana wa siku hiyo mgongo wa kiganja changu cha kushoto ukaanza kuwasha. Pakatokea doa jekundu la duara, likachoma siku mbili tatu, kisha likabaki jeusi. Bibi alipoliona alikaa chini bila kutafuta kigoda. Babu alikuwa mrina asali, na palepale alikuwa na kovu la kuungua na mwenge wa kufukuzia nyuki.

Basi tangu hapo kila nilipougua, babu alikuja. Doa liliamka mahali palepale, bila kukosea hata upana wa ukucha. Mama ni mwanakwaya wa Moraviani, Jumapili hakosi, lakini doa likiwaka alilipigia goti.

"Shikamoo, baba."

Nami, mtoto na homa yangu, niliitika marahaba kwa sauti nzito nisiyoijua. Nilijiogopa. Kama nilikuwa naigiza, sijui mpaka leo.

Kadiri miaka ilivyokwenda, marehemu wengine wakaongezeka. Likatokea doa la mdomoni, upande wa kulia. Mama mkubwa, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akatamka kwamba huyo ni dada yake babu, alivutia kiko upande huo. La pajani likawa la mjomba aliyekanyagwa na ng'ombe. Nikiugua, waliamka mmoja baada ya mwingine, na yule wa kwanza hakukosa kutangulia. Nilijivuna, sitaficha. Wenzangu walikuwa na makovu ya kuanguka mitini, mimi nilikuwa na ukoo.

Mwaka juzi, nikiwa tayari fundi cherehani hapa Tabora mjini, kikohozi kilinipeleka zahanati. Muuguzi aliniuliza vizuri tu, "Kaka, kuna dawa yoyote inayokudhuru?"

"Hapana," nikasema, wala sikusita. Aliniuliza habari za dawa. Angeniuliza habari za babu ningemsimulia mpaka achoke.

Nilimeza vidonge alivyonipa saa mbili asubuhi. Saa sita, mguu ukiwa kwenye cherehani, wakaamka wote kwa mkupuo. Mkono, mdomo, paja, kisha mgongo na kifua, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mtu. Madoa yakavimba, yakawa malengelenge. Nilipovua shati, ngozi ya bega ilitoka nalo. Miaka yote walikuwa wanakuja kunitazama, na mchana ule nikajua wamekuja kunichukua. Niliita mama kama mtoto mchanga, mtu mzima mwenye ndevu.

Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa wodini, mama pembeni, daktari akiyachunguza madoa yangu moja moja.

"Haya ya zamani," aliuliza, "yalikuwa yanatokea ukiugua, au ukishameza dawa?"

Nikamtazama mama. Alianza kuhesabu kwa vidole: lile tumbo, kile kikohozi, lile jipu. Alipofika kidole cha nne akaacha.

Daktari alitueleza kwamba huo ni mzio. Mwili wangu umekuwa ukiikataa salfa tangu utotoni, na kila kidonge kilizidi kuuchokoza. Kimoja zaidi kinaweza kuniua. Akaandika hivyo kwa wino mwekundu kwenye cheti changu, akaenda kitanda kingine.

Nilikasirika kuliko nilivyoumwa. Yaani babu yangu alikuwa kidonge? Nani sasa, nikiugua, atakuja? Niliona uchungu wa kufiwa, na mtu mwenyewe sikuwahi kumwona.

Nilidhani mama atabisha, kwa sababu kubisha anakuweza. Hakubisha. Alipiga goti kwenye sakafu ya wodi mbele za watu, akaushika mkono wangu wa kushoto uliofungwa bandeji, wala hakunitazama usoni.

"Tusamehe, baba," aliuambia mkono. "Kumbe ulikuwa unatukataza, na sisi tunakuamkia."